Zau Anazungumza Kiswahili, na Wengi Hawajamsikia

Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka gemu ambayo mchezaji wa Mombasa, Tanga au Bukavu angeweza kuiwasha, akaingia kwenye mipangilio, akachagua sauti za Kiswahili, na mazungumzo yote yakawa kwa lugha hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mungu wa mauti anazungumza Kiswahili. Kijana anayemlilia baba yake analia kwa Kiswahili. Gemu hiyo inaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na bado unaweza kupita vibanda vya gemu kadhaa, Kariakoo au Umoja, bila kumkuta kijana aliyewahi kuisikia.

Mwaka 2024 ulikuwa na kelele zake. Katuni ya Inside Out 2 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote. Deadpool & Wolverine ikajaza majumba ya sinema. Vibandani, EA Sports FC 25 ilichukua nafasi ya iliyotangulia, na foleni ya wanaosubiri pedi ikaendelea palepale. Katikati ya vishindo hivyo zilipita kazi kadhaa zinazogusa maisha ya watu wa ukanda huu kwa karibu kuliko hizo zote, na nyingine ambazo zingewafaa sana lau zingewafikia. Zilisifiwa ng'ambo na nyingine zikapewa tuzo, ila huku nyumbani zikapita kimya. Makala haya yanazirudia zile zinazostahili jioni ya msomaji.

Tuanze na Zau, kwa sababu hakuna iliyoonewa kama yeye.

Aliyeibuni gemu hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji wengi wanaijua sauti yake hata kama hawalijui jina lake, maana ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Wafuatiliaji wa tamthilia walimwona mwaka huohuo wa 2024 katika House of the Dragon, akiwa Alyn wa Hull. Baba yake alifariki kwa saratani, na msiba huo ukamkaa moyoni miaka mingi bila kupata pa kuutua. Desemba 2023, kwenye jukwaa la The Game Awards mjini Los Angeles, alisimama mbele ya watazamaji wa dunia nzima akamzungumzia marehemu baba yake, kisha akaonyesha kile ambacho studio yake, Surgent Studios, ilikuwa ikikitengeneza.

Kisa kinaanza na Zuberi, kijana aliyefiwa, ambaye anafungua hadithi aliyoachiwa na baba yake. Ndani ya hadithi hiyo yumo Zau, mganga kijana, naye amefiwa na baba na amegoma kukubali. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kupatana naye: akizikamata roho tatu kubwa zilizokataa kwenda kuzimu, Kalunga atamrudishia Baba. Kalunga huyu si jitu la kutisha. Anaonekana katika umbo la mtu mzima aliyepevuka, anafuatana na kijana safari nzima, anamkanya, anamsikiliza, na pale maneno yasipofaa kitu anakaa kimya.

Ni gemu ya kuruka, kupanda na kupigana kwenye ramani moja pana, ambako njia zilizofungwa hufunguka kadiri mchezaji anavyopata uwezo mpya. Wachezaji huiita aina hii metroidvania, jina lililounganishwa kutokana na gemu mbili za mwaka 1986, Metroid na Castlevania. Zau ana vinyago viwili alivyorithi kwa baba yake. Kinyago cha jua kinampa moto wa kupigana uso kwa uso. Cha mwezi kinampa barafu na mapigo ya mbali. Mchezaji anabadili kinyago kwa kubonyeza kitufe, katikati ya pigano, na mtu akishazoea mikono inaenda yenyewe: moto, ruka, barafu, rudi nyuma, moto tena. Roho anazozikabili zimetoka pande nyingi za bara. Impundulu, ndege wa radi, anatoka katika masimulizi ya kusini mwa Afrika. GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Kikiyaon anatoka magharibi, kwa Wabambara. Kalunga mwenyewe ametoka katika imani za Wakongo, ambako jina lake linagusa mpaka ulio kati ya walio hai na waliokufa. Anayetafuta hekaya za Pwani tupu hatazikuta humu. Atakachokuta ni mtu wa ughaibuni aliyekusanya urithi wa bara zima ili amzike baba yake ipasavyo.

Jambo lililo bora kuliko yote katika gemu hii halina pigano ndani yake. Hapa na pale kwenye ramani umesimama mbuyu. Zau akiufikia anaketi chini yake, kamera inasogea nyuma, na yeye na Kalunga wanazungumza juu ya marehemu: hasira, majuto, yale ambayo kijana hakuwahi kumwambia baba yake. Wakimaliza, nguvu za uhai za Zau zinaongezeka. Gemu nyingi humpa mchezaji nguvu kwa kuua zaidi. Hii inampa nguvu kwa kukaa chini na kusema linalomuuma, na kwa Kiswahili maneno hayo yanaingia mahali ambapo Kiingereza hakifiki kwa mtu aliyelelewa na lugha hii.

Ina mapungufu, na ni haki yasemwe. Maadui wanajirudia. Baadhi ya sehemu za kukimbia na kuruka zinamrudisha mchezaji nyuma mara nyingi mpaka achoke. Mtu aliyecheza gemu nyingi za aina hii ataona kwamba uwezo anaoupata ni uleule aliouzoea kwingine. Hata hivyo hakuna nyingine katika orodha hii inayotoa kile inachokitoa hii, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 20 hivi, chini ya theluthi ya gemu kubwa za siku hizi.

Wanaosikiliza Kiswahili juu ya picha za kigeni si wageni katika nchi hizi. Tanzania ina kizazi kizima kilichokulia kwenye mabanda umiza, kikiangalia filamu za Hong Kong, Hollywood na India zikisimuliwa na Lufufu, na baada yake DJ Mack. Kenya ina DJ Afro, ambaye masimulizi yake yana mashabiki ambao hawataki kuiona filamu ya kivita bila yeye. UNESCO inakadiria kwamba wazungumzaji wa Kiswahili wamepita milioni 200. Hadhira ipo, na mazoea ya kusikiliza yapo. Kwa nini basi Zau hakufika?

Sehemu ya jibu ni ya kibiashara, na inauma. Gemu hiyo iliwekwa tangu siku ya kwanza kwenye huduma ya malipo ya mwezi ya PlayStation Plus, njia ambayo kwa kawaida huifikisha kazi ndogo kwa mamilioni ya watu. Lakini mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Kenya, Tanzania, Uganda wala Kongo. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini ndiyo iliyomo. Oman imo, pamoja na Falme za Kiarabu na Qatar, kwa hiyo Mswahili wa Muscat anaweza kufungua akaunti kwa jina la nchi anayoishi, na nduguye aliyebaki Unguja hawezi. Wachezaji wa huku wamezoea kujiandikisha kana kwamba wako Marekani au Uingereza, wakinunua kadi za malipo kwa mawakala. Mei 2024 jambo hili lilionekana wazi duniani pale gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa sokoni kwenye kompyuta katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu Sony, kampuni yenye PlayStation, ilitaka kila mchezaji awe na akaunti ya mtandao huo, nao haupo kwenye nchi hizo. Hivyo gemu iliyokuja na sauti za Kiswahili ilitandaziwa zulia mahali ambapo wenye Kiswahili wengi hawaruhusiwi kuingia. Anayeitaka leo atumie kompyuta: duka la Steam linauza Kenya na Tanzania bila kizuizi hicho.

Studio nayo haikupata nafuu. Mwezi Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya gemu kutoka, Surgent ilipunguza wafanyakazi, na kabla ya mwaka kwisha wengine wakaambiwa nafasi zao ziko mashakani huku Salim akitafuta mfadhili wa kazi inayofuata. Aprili 2025 taasisi ya BAFTA ya Uingereza iliipa gemu hiyo tuzo ya kazi inayovuka mipaka ya burudani. Ilistahili. Ingefaa zaidi kama tuzo hiyo ingekuja pamoja na wanunuzi.

Kupotea kwa kazi nzuri hakuhitaji adui. Mwaka 2024 peke yake, Steam ilipokea gemu mpya zaidi ya 18,000, yaani takriban 50 kwa siku. Hakuna mwandishi wala mchezaji anayeweza kuzipitia. Zinazobaki machoni pa watu ni zile zenye fedha za matangazo, au zenye bahati ya kuokotwa na mtengeneza video mwenye wafuasi wengi. Hata kampuni kubwa hupotea humo.

Prince of Persia: The Lost Crown ni mfano. Ilitoka Januari 2024, ikiwa kazi ya kitengo cha Ubisoft kilichoko Montpellier, Ufaransa. Wahakiki waliisifu karibu kwa sauti moja. Mauzo hayakufikia matarajio, na Oktoba mwaka huohuo ikathibitishwa kwamba timu iliyoitengeneza imevunjwa na watu wake kupelekwa kwenye kazi nyingine. Hakuna adhabu isiyo ya haki kama hiyo: kufanya kazi vizuri kuliko wengi, kisha kutawanywa.

Humo mchezaji ni Sargon, kijana kuliko wote katika kikosi cha Wasiokufa, anayetumwa kumwokoa mwana wa malkia aliyefichwa juu ya mlima Qaf, ule wa hekaya za kale za Waajemi na Waarabu. Mlimani huko wakati umevurugika: chumba kimoja kimezeeka kwa karne nyingi, cha pili vita yake imesimama, mishale ikiwa imeganda hewani. Watengenezaji waliweka sauti za Kiajemi kwa anayetaka kusikia kisa katika lugha ya nchi yake, na muziki wakamkabidhi Mentrix, msanii Muirani, akishirikiana na Gareth Coker. Kwa wasomaji wa Pwani, ambako koo kadhaa bado zinasimulia asili ya Shirazi, kuna raha ya pekee kusikia lugha hiyo ikitumika kwa fahari.

Kuna ubunifu mmoja mdogo ambao kila gemu ya ramani kubwa ingepaswa kuuiga. Mchezaji akifika penye mlango usiofunguka, au hazina iliyo juu asikoweza kufika, anabonyeza kitufe. Gemu inapiga picha ya mahali pale na kuibandika kwenye ramani. Siku mbili baadaye, akishapata uwezo mpya, anafungua ramani, anaona picha, anakumbuka. Mtu mwenye kazi na watoto, anayecheza nusu saa usiku, anajua thamani ya msaada huo.

Na habari njema kwa wasio na mashine za gharama: Aprili 2025 gemu hii ilitolewa kwenye simu, Android na iPhone, ikiruhusu kuanza bure kabla ya kulipia iliyobaki. Simu inapaswa kuwa na nguvu ya kutosha, na vidole vinahitaji mazoezi kuzoea vitufe vya kwenye kioo. Lakini kwa nchi ambazo simu ndiyo kompyuta ya watu wengi, hii ndiyo njia fupi ya kuijaribu kazi ya kiwango hicho.

Ya tatu inahitaji subira ya msomaji wa riwaya. 1000xRESIST, ya Mei 2024, ilitengenezwa na Sunset Visitor, kikundi kidogo cha Vancouver, Kanada, chenye watu waliotoka kwenye maigizo na dansi. Hakuna mapigano. Mchezaji anatembea, anasikiliza, anaingia katika kumbukumbu za mtu mwingine. Baada ya miaka elfu, binadamu wamekwisha kwa maradhi yaliyoletwa na viumbe wa kigeni, na jamii iliyobaki ni nakala za msichana mmoja, Iris, wanayemwabudu kama mama. Kadiri kumbukumbu zinavyofunguka, inadhihirika kwamba Iris alikuwa binti wa wazazi waliohama Hong Kong baada ya maandamano, na kwamba vidonda vya familia moja vimegeuka dini ya watu wote. Vijana waliozaliwa Toronto, Minneapolis au London kwa wazazi wa Kisomali, Kikongo au Kikenya watajiona humo kwenye ugomvi wa mezani kati ya mama na binti. Mwaka 2025 ilipata tuzo ya Peabody, ambayo kwa miongo mingi ilizoeleka kuwaendea watu wa redio na televisheni. Mazungumzo yake ni ya Kiingereza, na ni mengi sana.

Kwa upande wa filamu, ya kwanza kupendekezwa ni On Becoming a Guinea Fowl ya Mzambia Rungano Nyoni, aliyezaliwa Lusaka na kukulia Wales. Ilionyeshwa Cannes Mei 2024, na Nyoni akapata tuzo ya mwongozaji bora katika kitengo cha Un Certain Regard, akigawana na Mwitalia Roberto Minervini.

Shula anaendesha gari usiku akitoka kwenye sherehe. Amevaa vazi jeusi lililojaa upepo, mfano wa lile la Missy Elliott kwenye video yake mashuhuri, na kofia inayometameta. Barabarani kuna mwili. Anashuka, anautazama. Ni mjomba wake, Fred. Uso wa Shula, unaochezwa na Susan Chardy, haubadiliki. Anarudi garini na kupiga simu. Muda si mrefu anafika binamu yake Nsansa, amelewa, anacheka. Mtazamaji anaanza kujiuliza ni kifo cha namna gani hiki ambacho wapwa hawakililii.

Kuanzia hapo filamu inahamia kwenye nyumba ya msiba, na yeyote aliyewahi kulala matangani ataitambua. Magodoro sakafuni. Masufuria makubwa uani. Mama wakubwa na mama wadogo wanaingia wakilia kwa sauti, wakisimama wanahesabu nani ameleta nini. Wanaume wamekaa nje wakisubiri chakula, na Shula, msomi mwenye kazi yake ya maana, anapita na sahani akiulizwa mbona nyama imechelewa. Mjane ni msichana mdogo kabisa, amekunjamana pembeni, na ndugu wa marehemu wameshaamua kwamba yeye ndiye aliyemuua kwa kutomtunza. Polepole wasichana wa ukoo wanaambiana alichokuwa akikifanya mjomba kwa watoto. Wakubwa wanajua. Wamejua siku zote.

Nyoni hafanyi kosa la kuwageuza wale mama kuwa mashetani. Kuna mahali wanawafuata mabinti ndani ya stoo ya chakula, mlango unafungwa, na katikati ya magunia na mikebe wanawakumbatia na kuwaimbia. Upendo ni wa kweli. Kisha wanatoka nje na kuendelea kumwombolezea marehemu kwa heshima zote. Ni vigumu kukumbuka filamu nyingine ya karibuni iliyoonyesha kwa uaminifu kiasi hicho jinsi ukoo unavyoweza kumpenda mtoto na kumtelekeza katika pumzi ileile. Kanga wa kwenye jina, yule ndege mwenye madoadoa, anatokana na kipindi cha televisheni cha watoto anachokikumbuka Shula: kazi yake porini ni kupiga kelele adui anapokaribia, wengine wapate kukimbia. Mazungumzo ni Kibemba na Kiingereza.

Nawi ya Kenya inagusa jambo la jirani na hilo kwa mkono mwepesi zaidi, na inafaa kuangaliwa na familia yenye watoto wakubwa. Nawi ana miaka 13, anaishi Turkana, amefaulu mtihani na anaota kusoma sekondari Nairobi. Baba yake amekwisha kumwoza kwa mtu asiyemjua, mahari yakiwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Wengine wangeimaliza hadithi kwa mahubiri. Hii inamfuata msichana mbio, kwa hasira na akili yake, huku akijiandikia daftarini. Chimbuko lake ni shindano la uandishi, na aliyeandika kisa, Milcah Cherotich, alichota katika maisha ya familia yake mwenyewe. Waongozaji ni wanne, Wakenya wawili na Wajerumani wawili, na mhusika mkuu ni Michelle Lemuya Ikeny, binti wa Turkana ambaye hakuwahi kuigiza filamu. Mwaka 2024 AMAA, tuzo za filamu za Afrika, zilimtambua miongoni mwa chipukizi. Kenya iliipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Haikuteuliwa, na mazungumzo juu yake yakaisha mapema mno.

Anayependa habari za kweli aongeze The Battle for Laikipia ya Peter Murimi na Daphne Matziaraki, iliyoanzia Sundance Januari 2024. Kamera zilikaa muda mrefu na wafugaji wa Kisamburu pamoja na wazungu wenye mashamba makubwa, ukame ukizidi na risasi zikianza kusikika, bila kumpa upande wowote nafasi ya kujificha nyuma ya maneno mazuri.

Kaskazini zaidi, Mo Harawe alipeleka Cannes filamu ya kwanza ya Kisomali kuingia orodha rasmi ya tamasha hilo. The Village Next to Paradise inakaa kwenye kijiji cha pwani chenye upepo usioisha. Mamargade ni baba anayemlea peke yake mwanawe Cigaal, na miongoni mwa vibarua vyake ni kuchimba makaburi, kazi ambayo droni za kigeni zinaipatia wateja. Dada yake Araweelo ameachika na anataka kufungua duka la ushonaji; benki haimkopeshi mwanamke asiye na mume, basi anatafuta mume wa kumtimizia sharti hilo, kwa hesabu na bila aibu. Filamu inaanza kwa taarifa ya habari ya Uingereza kuhusu shambulio la droni, kisha inageuka na kuishi na watu ambao taarifa ile haikuwaona. Mwendo wake ni wa taratibu. Wanaozoea mapigano ya kila dakika watahitaji dakika 20 za kutulia, na watalipwa.

Kuzipata filamu hizi kunataka jitihada kidogo. Tamasha la ZIFF la Zanzibar limekuwa likileta kazi za Afrika tangu 1998. Nairobi kuna ukumbi mdogo wa Unseen unaopenda filamu huru, na vituo vya utamaduni vya Goethe na Alliance Française huonyesha kazi kama hizi mara kwa mara, mara nyingi bila kiingilio. Kuwaandikia na kuomba filamu fulani ioneshwe si jambo la ajabu.

Zimebaki filamu mbili. Dahomey ya Mati Diop ni fupi, dakika 68 tu. Inafuata vitu 26 vya kifalme vilivyorudishwa Benin kutoka Paris Novemba 2021, na kimojawapo, sanamu ya mfalme, kinapewa sauti ya kusimulia kwa Kifon kikiwa ndani ya kasha gizani. Sehemu yenye moto zaidi ni ya wanafunzi wa chuo kikuu wakibishana: vitu 26 kati ya maelfu, je, ni heshima au ni dharau? Filamu hii ilitwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin Februari 2024. Katika mji huohuo, kwenye makumbusho ya viumbe, umesimama mjusi mkubwa wa kale mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi mpaka bandarini. Wapokomo wa Tana wanaikumbuka ngoma yao ya ngadji, iliyoko British Museum. Ubishi wa wanafunzi wale wa Benin unaweza kuhamishiwa Dar es Salaam au Garsen bila kubadili hata hoja moja.

Iliyobaki ni ndefu na ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo wasomaji wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wana haki nayo kuliko watazamaji wa Brussels. Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez inachukua dakika 150 kueleza jinsi uhuru wa Kongo wa tarehe 30 Juni 1960 ulivyonyongwa ukiwa mchanga. Iliteuliwa kwa Oscar ya filamu za hali halisi. Inasukwa kwa muziki wa jazi, kwa sababu jazi ilikuwa ndani ya siasa yenyewe: mwishoni mwa 1960, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, akiwa kizuizini nyumbani kwake Léopoldville, Louis Armstrong alizunguka Kongo akipiga tarumbeta katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani. Umati ulimpokea kwa furaha. Yeye hakuambiwa yaliyokuwa yakipangwa. Na tarehe 15 Februari 1961, siku mbili baada ya kifo cha Lumumba kutangazwa, mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga ngoma Max Roach walikuwa miongoni mwa waandamanaji walioingia kwenye ukumbi wa Baraza la Usalama mjini New York wakipiga kelele mbele ya mabalozi.

Grimonprez anaweka ushahidi wake hadharani. Kila dai kubwa linapotokea, kioo kinaandika jina la kitabu na namba ya ukurasa, na mtazamaji anaweza kusimamisha filamu akainakili. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliyoingia katika bomu la Hiroshima, inapewa nafasi yake. Vivyo hivyo kampuni ya madini ya Union Minière. Kisha, bila onyo, linakatiza tangazo la biashara la iPhone au la gari la Tesla, na madini ya Kongo yanakuwa ya leo. Mwandishi Mkongo In Koli Jean Bofane anasikika akisoma, na hotuba za Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovyeti wakati ule, zinapishana na ngoma.

Ni vizuri kuigawa filamu hii kwa usiku mbili, maana majina ni mengi na yanakuja kwa kasi. Jina la kuandikwa pembeni ni Andrée Blouin, mwanamke aliyekuwa mkuu wa itifaki wa Lumumba na ambaye vitabu vya shule vimemsahau. Kumbukumbu zake, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1983 kwa jina la My Country, Africa, zinasomwa ndani ya filamu, na Januari 2025 kitabu hicho kilichapishwa upya. Bado hakijapata mfasiri wa Kiswahili.